Dipoziti Yenye Pembe

Mbuzi watano walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya baraza, na mmoja wao alikuwa anatafuna kona ya mkeka bila haraka.

"Hiyo ndiyo dipoziti yenu ya nyumba," alisema Bi Batuli.

Dismas alinitazama. Mimi nikawatazama mbuzi. Tulikuwa hatujaonana kwa wiki tatu, tangu tulipoachana na kurudisha funguo za nyumba. Yeye alihamia Lindi mjini kwa kaka yake. Mimi nililitua begi langu sebuleni kwa Lightness, mwalimu mwenzangu, hapa hapa Masoko. Asubuhi hiyo tulikuwa tumeketi barazani kwa aliyekuwa mwenye nyumba wetu kama wagonjwa wanaongoja kuitwa, kila mmoja kwenye ncha yake ya benchi.

"Bibi, sisi tulikuletea fedha," Dismas alisema. "Laki mbili taslimu."

"Na kwa laki mbili nikanunua majike wawili. Fedha ya mtu ikikaa kabatini mwangu, ndugu wanainusa. Leo huyu anaumwa, kesho yule kafiwa. Lakini nani atakuja kuniazima mbuzi?" Alimvuta yule mla mkeka kwa pembe. "Wamezaa watatu, na wana wenyewe wameshalingana na mama zao, alhamdulillahi. Chenu kimeongezeka, mnanuna nini?"

Mimi sikuwa nimenuna. Nilikuwa nimebana midomo nisicheke.

Fedha ile ilikuwa na historia yake. Miaka miwili nyuma mama aliuza ufuta kule Rondo, akanipa laki na arobaini, akasema nisianze maisha mikono mitupu. Dismas akaongeza elfu sitini. Asubuhi ya kuhamia, hatua chache kutoka baraza hili, nilifungua pindo la kanga nikampa noti zangu zote azishike yeye. Kwetu mwanamume ndiye anayemkabidhi mwenye nyumba, nami niliona haya kuhesabu fedha mbele ya mtu mzima nisiyemjua. Alikabidhi. Bi Batuli akamshukuru, akamwombea dua. Nilisimama nyuma ya Dismas na ndoo mkononi, nikiwa na furaha tele, na haikunipitia akilini kwamba kuna neno lililobaki bila kusemwa.

Hatukuachana kwa ugomvi. Tulipungua tu, kama sabuni.

Dismas alipopiga simu kuniambia dipoziti tugawane nusu kwa nusu, nilisema, "Sawa." Kisha nikakaa kwenye mkeka wa Lightness nikapiga hesabu. Kulikuwa na chumba karibu na shule, chenye dirisha linalotazama mashariki, nami nilikuwa nimekipenda hadi nikajua pa kuweka meza. Mwenyewe, Mzee Ridhiwani, alitaka kodi ya miezi sita mbele, laki tatu, kabla ya Jumapili. Nilikuwa na elfu sitini. Nusu ya dipoziti isingenifikisha popote, na bado nilisema sawa. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto arobaini nawanyamazisha kwa kidole kimoja. Mtu mzima mmoja ananinyamazisha kwa kukohoa.

Bi Batuli alifungua kamba ya dume mmoja, akampitisha upande wake.

"Huyu wangu. Mchungaji hachungi bure. Marehemu baba kule Kisiwani alichunga mbuzi wa watu maisha yake yote, na katika kila uzao alipewa wake."

"Haki yako, Bibi," Dismas alisema.

"Wamebaki wanne. Gawaneni hapa hapa mbele yangu, nisije kusikia maneno."

Dismas alisimama, akajipangusa suruali. "Wawili wawili. Rahisi kabisa."

Wiki hiyo mbuzi alikuwa anauzwa laki moja. Wawili, laki mbili. Na sitini zangu. Zingepungua elfu arobaini, na dirisha lile lingekwenda kwa mwingine.

Mtoto akimnyang'anya mwenzake penseli darasani, huwa ninachuchumaa, namtazama machoni, nasema polepole. Sijui kwa nini nilichuchumaa pale barazani. Nilimshika mbuzi wa karibu shingoni, nikasikia moyo wake unavyodunda, au labda ulikuwa wangu, na sauti iliyonitoka ilikuwa ile ya darasani.

"Watatu ni wangu, Dismas."

"Flora, si tulisema nusu kwa nusu?"

"Wewe ulisema. Mimi nilisema sawa. Laki na arobaini ilitoka kwa mama yangu. Yako ilikuwa sitini."

Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Angeweza kukana, na ningeinuka nikaenda zangu. Bi Batuli aliacha kukunja kamba. Dismas akatoa simu mfukoni, akabonyezabonyeza kwa muda mrefu.

"Fungu lako kwa mbuzi wanne linakuja mbili nukta nane," alisema hatimaye.

"Hiyo nukta nane inakula majani?" Bi Batuli aliuliza.

"Ni karibu mbuzi mzima, Bibi. Kapungukiwa mkia na mguu mmoja."

"Basi mpe mwenzio na huo mkia."

Dismas ndiye aliyeanza kucheka. Nami nikacheka hadi nikakaa chini kabisa, mbuzi akinilamba kiwiko, na Bi Batuli akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Miaka miwili sijawahi kukusikia ukikataa kitu," Dismas alisema, akijifuta macho. "Hata siku ile nilipounguza mchuzi wa pweza ulisema sawa."

"Ulikuwa mbaya mno."

"Ndiyo unaniambia leo, mwalimu?"

"Ndiyo leo."

Bi Batuli alituletea chai na mihogo ya kuchemsha. Tulikula tukiwa tumesogeleana kidogo pale kwenye benchi, tukizungumza mambo ya kawaida, kazi yake mpya ya kutengeneza majokofu, watoto wangu darasani. Nilimwona tena kijana niliyempenda, na sikutamani kurudi. Alinisaidia kuwasukuma mbuzi hadi mnadani, maana wake alikataa katakata kuwaacha wenzake. Tuliagana pale katikati ya kelele za wanunuzi, yeye akimburuta wa kwake kuelekea kituo cha mabasi, akigeuka na kupunga mkono kila mbuzi alipogoma.

Mnunuzi alinitajia elfu themanini kwa kila mmoja. Nikamwambia laki moja, nikaisema mara tatu, hadi akakubali.

Jioni nilihesabu laki tatu mbele ya Mzee Ridhiwani, noti moja moja, juu ya meza yake. Alifungua kitabu cha stakabadhi, akauliza aandike jina la nani.

Nilimtajia langu. Aliweka mkono sikioni, akasema hajasikia, sauti yangu ndogo.

Nikalitaja tena.