Tone la Rangi ya Kucha

Tangu gari lishuke melini kutoka Japani, Unaisi alilitia alama. Alifungua boneti, akachukua kichupa chake cha rangi ya kucha, ile ya waridi, akadondosha tone kwenye betri, tone kwenye kifuniko cha rejeta, tone kwenye kila kidude ndani ya kisanduku cha fyuzi, hata vile asivyojua kazi yake. Mafundi aliwajua yeye. Unawapelekea gari zima, unarudishiwa bodi.

Sasa gari lilikuwa linachemsha, na macho yake yote yalikuwa kwa fundi Mahen.

Halikuchemsha ovyo. Ukienda nalo shambani upande wa Korovou, barabara tupu, mshale wa joto ulitulia katikati. Lakini vuka daraja la Rewa asubuhi, uingie foleni ya Nakasi, magari yanatambaa, hapo mshale ulipanda. Safari iliyopita yeye na mumewe walikuwa wamempakia wifi yake, Torika, aliyeanza kwenda mjini kusafishwa damu kwa mashine baada ya figo kugoma. Mvuke ukafuka kama sufuria ya mihogo, wakakwama kando ya barabara. Walipofika hospitali, kiti cha Torika kilikuwa na mtu mwingine, akaambulia nusu ya muda wake. Alirudi miguu imevimba, viatu haviingii. Na kesho ilikuwa zamu yake tena.

Gereji kwa Mahen, Unaisi alivuta kigoda akakaa karibu kabisa na bampa.

"Mama, utalinda hata bisibisi zangu?" Mahen aliuliza.

"Nalinda changu. Juzi ulisema ni thamostati, ukabadilisha, na limechemsha vilevile. Leo utasema nini? Gasketi? Kesho useme halifai, mpwa wako alinunue?"

"Mpwa wangu ana baiskeli, na inamtosha."

Mumewe, Emosi, aliegemea uzio akitafuna jani. Hakucheka. Kwa kawaida Emosi hucheka hata kisichochekesha. Unaisi akauona ukimya ule, akauweka akiba.

Mahen aliwasha injini, akaiacha ingurume papo hapo. Maji yalikuwa tele, hayavuji popote. Mshale ukaanza kupanda.

"Sikiliza. Unasikia nini?"

"Injini."

"Na feni?"

Unaisi akainama. Mapanga ya feni yalikuwa yametulia tuli, buibui angeweza kufuma hapo.

"Ukikimbia barabarani, upepo unaipoza rejeta," Mahen alisema. "Kwenye foleni hakuna upepo, kazi yote ni ya feni. Na feni yako imelala." Akazima injini, akachukua nyaya mbili, akaiunga feni moja kwa moja na betri. Ikavuma, ikarusha vumbi na mabua. "Umeona? Yenyewe nzima. Kuna anayekataa kuiamsha."

Akafungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa kidude cheusi cha mraba, akaweka mahali pake kingine alichokichomoa upande wa taa kubwa. Injini ikawashwa tena. Mshale ulipovuka katikati, feni ikaamka yenyewe.

"Mchawi wako huyu hapa. Rilei, swichi ya kuiamsha feni. Imekufa."

Unaisi aliipokea, akaigeuza juu, chini, ubavuni.

"Hii si yangu."

"Si yako kivipi?"

"Yangu ina tone la waridi. Umenibadilishia, Mahen!"

Mahen alilitupa tambara chini. "Tangu baba yako yuko hai natengeneza magari yenu. Leo mimi mwizi? Haya, pekua!" Akavuta droo yake nzima ya vidude vikuukuu, akaimwaga mezani. Unaisi alipekua kimoja kimoja. Waridi haikuwepo.

Wakati huo huo nje honi ikalia: Piiiiii! Kaminieli, jirani yao, alikuwa anapita na kigari chake chakavu. Mababu wake na wa Emosi walitoka tumbo moja, kwa hiyo wao na wake zao ni watani: hutukanana bila kukasirika na huchukuliana vitu bila kunyimana. Kigari kile kilikuwa bubu muda mrefu. Tangu Pasaka ndipo kilipoanza kuwapigia honi hata mbwa.

"Honi ya yule nayo inatumia rilei kama hii," Mahen alisema, bado amenuna.

Emosi akakohoa.

"Emosi."

"Mm?"

"Unakohoa nini?"

Unaisi hakungoja jibu. Alitoka akasimama katikati ya barabara, mikono ameitanua. Kigari kikafunga breki.

"Mla mikunga ya mtoni, unataka kufa?" Kaminieli alitoa kichwa dirishani.

"Fungua boneti, mla popo!"

"Mtaiba nini tena, watu wa mtoni?"

Boneti ikafunguliwa. Tone la waridi lilikuwa linang'aa pale kama kidonda kipya.

"Nilimwomba mumeo!" Kaminieli alicheka mpaka akashika magoti. "Nikamwachia yangu, shimo lisikae tupu."

"Mtani ameomba, ningesema nini?" Emosi alinong'ona. "Nilidhani vyote ni sawa. Na shambani halikuchemsha..."

"Na dada yako alipovimba miguu, ulidhani nini?"

Unaisi akaichomoa rilei yake, kisha akachomoa na ufunguo wa kigari. "Huu nao nauomba, mtani. Utaupata Torika akirudi salama."

Akamrudia Mahen, akaanza kuviokota vile vidude, kimoja kimoja, kurudisha droo mahali pake. "Fundi, nimekukosea."

"Niletee majani ya magimbi kwa tui," alisema Mahen. "Na usiyatie alama."

Asubuhi walitambaa Nakasi, Torika nyuma na mto wake. Mshale ulipanda kidogo, feni ikavuma, mshale ukatulia. Unaisi hakuuamini. Jicho moja lilikuwa kwenye mshale, la pili kwa Emosi.

"Umempa nini kingine?"

Emosi alitazama dirishani. Foleni ilisogea, wakasogea.

"Jeki," alisema.

Torika alicheka huko nyuma, akacheka mpaka wakaliona geti la hospitali, na kiti chake kilikuwa kinamngoja.