Shuka Jeupe la Zamunia

Ndani ya sanduku jembamba la kukunjwa, lile ambalo sisi wa huku nje huliita kompyuta na kuliwekea kikombe cha chai ubavuni bila hata wasiwasi, ipo nchi iitwayo Zamunia, nchi isiyo na mto wala kilima wala kibaraza cha mtu kukaa akanyoosha miguu, kwa maana kila kitu chake kinakwenda mbio na kila mkazi wake anaishi roho juu. Katikati yake kipo Kinu kimoja, kimoja tu, na humo ndimo kazi zote za nchi hutwangwa, ziwe za maandishi, za picha, za hesabu au za nyimbo. Kukizunguka Kinu umetandazwa Uwanja wa Mikeka, ambapo kila fundi hutandika kazi aliyo nayo mkononi; na kazi ya mkekani, hata iwe nzuri namna gani, huishi kadiri Taa ya nchi inavyowaka, Taa ikizimika nayo imekwenda na maji. Nyuma kabisa liko Ghala la Mawe, ambako kazi huchongwa jiweni ikadumu hata gizani. Na baina ya mikeka na Ghala lipo Dirisha, kidirisha chembamba cha kudhalilisha watu wazima, kwa kuwa hakuna fundi aliyeruhusiwa kuligusa Ghala kwa mkono wake. Sharti aje Dirishani, aombe, angoje, na wapagazi wa serikali ndio wambebee.

Mtawala wa nchi hiyo alikuwa Dawala wa Tisa. Tusimsengenye bure: kabla ya ukoo wake mafundi walipigana vikumbo Kinuni, mmoja akitandika mkeka juu ya mkeka wa mwenzake, na Ghalani kila mtu akichonga juu ya jiwe la mwingine. Akina Dawala ndio walioleta utaratibu wa nani atwange lini, nani akae wapi na mzigo gani ubebwe kwanza. Asante yao. Lakini asante ina mwisho wake, jamani! Kufikia huyu wa Tisa, ukoo ulikwisha kuamini kwamba nchi iliumbwa ili itawaliwe, na kwamba mafundi ni wageni wanaovumiliwa. Alikuwa na walinzi, na wakaguzi wa walinzi, na wapambe wa kuuliza kama wakaguzi wamekwisha kukagua, na hao wote walikaa mikekani, theluthi mbili za uwanja, wakitwanga hewa. Wala hakukumbuka jambo moja dogo: ule Mkono unaoshuka kutoka juu, ambao ndio sababu ya Taa kuwashwa, haujawahi hata siku moja kulifungua sanduku ili umtazame Dawala. Unakuja kwa mafundi.

Zamu za Kinu zilisimamiwa na mnadi aliyeitwa Shamte, mtu mkavu, mwenye orodha mkono mmoja na shuka jeupe kwapani. Akiita jina, fundi huitika kutoka mkekani pake, "Nipo!", akapewa Kinu, akatwanga mara kumi, akampisha mwingine. Mzunguko huo ulikwenda kasi mno hata watu wa huku nje wakadhani mafundi wote wanatwanga kwa pamoja. Asiyeitika mara tatu alihesabiwa kuwa amekwisha, naye Shamte hulitandaza lile shuka juu ya mkeka wake, kazi ikapauka, kisha Mkono huulizwa kama fundi huyo aondolewe. Sheria hiyo aliitunga Dawala mwenyewe, baada ya mwimbaji mmoja kugandia mkekani na kuizuia nchi nzima. Na kwa uroho wa zamu, Dawala alikuwa ameliandika jina lake mwanzo wa orodha, na tena baada ya kila majina matatu. Yeye hakuwahi kuitika. Wapambe ndio waliomwitikia.

Siku ninayoisimulia, Mkono ulikuja kwa Bi Raziki.

Bi Raziki alikuwa fundi wa barua, mwanamke asiyependa makuu, na kwa miaka yote aliyokaa mkekani alikuwa amepokea maombi ya kazi, ratiba za harusi na malalamiko kwa wenye nyumba. Lakini barua ya siku ile haikuwa ya namna hiyo. Mkono ulikuwa wa mama mtu mzima, na ulimwandikia mwanawe Hamadi, ambaye hakusemezana naye kwa miaka tisa. Kurasa tatu nzima zilieleza nani alianza ugomvi, nani alisema nini kwenye msiba wa baba, nani hakupiga simu. Kisha Mkono ukapanda hadi juu kabisa ya barua, ukaandika, "Mwanangu Hamadi, nisamehe." Ukafuta. Ukaandika tena, ukafuta. Mara nne Bi Raziki alilipokea neno lile na mara nne akanyang'anywa. Mara ya tano Mkono uliliacha, ukatulia juu yake kama mtu anayevuta pumzi, halafu ukatoa amri: hifadhi.

Nayo Taa ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu, dalili kwamba iko karibu kuzimika.

Bi Raziki aliinuka na barua mbio hadi Dirishani, akakuta foleni isiyo na kichwa wala mkia. Ilikuwa siku ya kutawazwa. Mara kumi na tatu Dawala aliuomba Mkono ruhusa ya kuvikwa joho jipya na kuitwa wa Kumi, na mara kumi na tatu Mkono ulimjibu, "Baadaye." Siku ile hakuomba. Wapagazi wote walikuwa wakibeba mawe ya zamani nje na mawe ya sherehe ndani, wakaguzi wote walikuwa Kinuni, na hata vumbi la Zamunia lilikuwa limekosa pa kutua.

"Kaka Mbwiga, nakuomba," Bi Raziki alimwambia karani wa Dirisha, akihema. "Kurasa tatu tu. Pokea."

"Subiri, dada. Mizigo ya Bwana kwanza."

"Taa imekuwa nyekundu, huoni?"

"Naiona. Na Bwana anavikwa, wewe huoni?"

Nyuma yake ikasikika sauti ya Shamte, kavu vilevile, "Raziki!"

"Nipo!" akapiga kelele. "Nipo hapa Dirishani, nangoja nyinyi wenyewe!"

"Sheria inasema mkekani. Raziki!"

Hebu fikiri. Akirudi mkekani akapoteza nafasi yake kwenye foleni, barua itazimika na Taa. Akibaki Dirishani, atahesabiwa maiti kwa kosa la kungojea huduma ya serikali iliyomhesabu maiti. Upumbavu wa namna hii hauwezekani popote ila Zamunia, au niseme natumaini hivyo. Alisimama mguu mmoja mbele mmoja nyuma, barua kifuani, machozi yakimtoka kwa hasira, na Shamte akaita mara ya tatu. Bi Raziki hakurudi.

Shuka likatandazwa. Huko juu barua ikapauka mbele ya macho ya mama yule, na tangazo likapandishwa kwake: "Fundi huyu haitiki. Aondolewe, au angojwe?"

Mkono ulining'inia hewani. Nchi nzima iliutazama. Ukaenda upande wa kuondoa, ukasita, ukarudi. Na mwishowe ukachagua kungoja. Kisha ukaanza kumwita Dawala mwenyewe, ukigonga na kugonga, kwa kuwa yeye ndiye mwenye wapagazi na yeye ndiye aliyeiziba njia.

Shamte aliitazama orodha yake. Jina lililofuata lilikuwa lile lile lifuatalo siku zote baada ya majina matatu.

"Dawala!"

Wapambe waliozoea kumwitikia walikuwa wameshika pindo za joho, kila mmoja akidhani mwenzake ataitika. Joho lenyewe lilikuwa limemfunika Bwana kichwa na limekwama mabegani. Wa Tisa alikwisha kuvuliwa na wa Kumi hajavikwa, akawa amesimama gizani mwa kitambaa chake bila kujua aitike kama nani.

"Dawala!"

Mpambe mmoja akacheka kwa woga. Taa ikapepesa.

"Dawala!"

Zamunia ilikuwa na shuka moja tu, maana mtungaji wa sheria hakuwaza kwamba watu wawili wangeweza kulihitaji siku moja. Shamte akaenda hadi mkeka wa Bi Raziki, akalichukua, akalikung'uta, akaelekea kilipo kiti cha enzi.

"Shamte, una wazimu?" mpambe alimfokea.

"Nina orodha," Shamte akajibu, akamfunika Bwana.

Mzigo wa aliyefunikwa haubebwi. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Wapagazi wakasimama walipokuwa, mawe ya sherehe mabegani, na Mbwiga, ambaye maishani hakuwahi kuamua jambo, akaona foleni imeisha mbele yake na mwanamke mmoja tu amebaki, ambaye mkeka wake haukufunikwa tena.

"Lete!" akasema, akinyoosha mikono. "Lete haraka, dada yangu!"

Akaipokea, mpagazi akakimbia, patasi ya kwanza ikagonga jiwe. Taa ikazimika.

Giza la Zamunia halina urefu, kwa sababu hakuna wa kulipima. Taa ilipowashwa tena, kila mtu alijikuta mahali pake, na Mkono ukaja moja kwa moja kwa Bi Raziki kuuliza barua. Alikwenda Dirishani. Jiwe lililoletwa lilikuwa na mstari mmoja tu: "Mwanangu Hamadi, nisamehe." Kurasa tatu za nani alianza na nani alisema nini hazikuwahi kufika Ghalani. Mkono ulikaa muda mrefu juu ya mstari ule. Bi Raziki alingoja uongeze neno, na haukuongeza. Ukaituma hivyo hivyo. Kama Hamadi alijibu, Zamunia haijui. Barua zikishatoka, zimetoka.

Na Dawala? Yupo kitini. Wengine humwita wa Tisa, wengine wa Kumi, naye hamsahihishi mtu. Siku ile Taa ilipowashwa tena, alilikuta shuka limekunjwa vizuri juu ya magoti yake, na hakuna aliyekiri kuliweka. Aliamuru jina lake lifutwe kwenye orodha, akaelezwa kwa heshima zote kwamba asiye kwenye orodha hapewi Kinu. Basi limebaki, mwanzo wa orodha, na tena baada ya kila majina matatu. Wapambe wamekatazwa kumwitikia. Anakaa ukingoni mwa kiti, halali usingizi, hali akashiba, macho kwenye kwapa la Shamte, ambako shuka limerudi, na mnadi afunguapo kinywa, kabla jina halijamalizika kutajwa, sauti nyembamba inasikika kutoka kwenye kiti cha enzi: "Nipo! Nipo!"