Shahidi wa Shingoni

Tabibu wa chumba cha tatu hakuwa na rula, hakuwa na kamera, hakuwa na gundi, wala mlango unaokubali kufungwa. Pazia alikuwa nalo nusu. Daktari wa kumwuliza neno hakuwa naye tangu yule wa mwisho apate uhamisho. Alichokuwa nacho ni macho mazima na mwandiko unaosomeka, na vyote viwili alivitunza.

Siku ya Jumatatu aliingia mshonaji wa nguo na mumewe. Mume ndiye aliyeshika karatasi ya polisi, na mkoba wa mkewe pia.

"Shikamoo, daktari. Ameanguka bafuni. Mama watoto huyu, kipande cha sabuni kinampiga mwereka."

Mshonaji alifungua mtandio. Shingoni palikuwa na alama ya mkono wa kulia, vidole vinne huku, gumba kule. Mume alipozungumza, vidole vilikaza. Aliponyamaza, vililegea.

Muuguzi aliyekuwa akikunja bandeji alitupa jicho. "Hii ina adabu," alisema. "Ile ya mgonjwa wa jana ilikuwa inabana hata kiti kikilia."

Tabibu aliipokea karatasi, akamtuma mume dirishani akalipie kadi. Chumba kilipotulia, alama iliteremka begani, ikalala kifudifudi kama mkono uliochoka.

"Ikilala usiiguse, baba," mshonaji alinong'ona. "Huamka na hasira."

"Sitaigusa. Ila nitaipima na nini?"

Mshonaji akatoa mfukoni utepe wake wa kupimia nguo. Tabibu akapima bila kugusa.

"Unameza vizuri?"

"Maji tu."

"Na polisi wamekuambiaje?"

"Karatasi ikisema mkono, watanisindikiza nikachukue watoto na cherehani yangu, niende kwa dada. Ikisema kuanguka, nirudi nyumbani."

Tabibu aliandika: Alama ya mkono wa kulia wa mtu mzima. Iko hai. Hukaza mume anapozungumza. Mgonjwa anameza kwa shida. Hakupamba. Akatia sahihi.

Kwa utaratibu, karatasi hupelekwa kituo cha polisi na yule aliyemleta mgonjwa. Basi mume alirudi, akaichukua, na mkewe akamfuata.

Alhamisi mume aliirudisha, imekunjwa vizuri. Chini mkuu wa kituo alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: Jeraha haliwi hai. Kilicho hai ni shahidi. Shahidi aje mwenyewe, na kitambulisho.

Mshonaji alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Alipofungua mtandio, alama ilishuka mkononi mwake, ikavuka hadi mezani, ikakaa kando ya kalamu. Ilikuwa imeitwa, nayo ilikuwa imekuja.

"Si unaona, daktari?" mume alisema kwa furaha. "Imetoka. Amepona huyo."

Mahali ilipotoka palikuwa na nyingine, changa, ambayo ilikuwa bado haijajifunza kusogea. Muuguzi aliisafisha na kuipaka dawa taratibu. Mshonaji alitazama nusu ya pazia.

"Leo maji yanapita?" tabibu aliuliza.

Mshonaji alitikisa kichwa kukataa.

Tabibu akachukua karatasi safi. Kwa Mkuu wa Kituo. Shahidi uliyemwita yumo humu. Kitambulisho hana, ila alama za vidole anazo, zote tano. Mama huyu asirudishwe nyumbani kabla shahidi hajasikilizwa. Aliisoma mara mbili, akarekebisha nukta moja, akaitia katika bahasha. Alama ikaingia yenyewe, ikajikunja ili itoshe. Gundi haikuwapo, lakini vidole vilibana kifuniko kwa ndani, na bahasha ikafunga vizuri kuliko zote zilizowahi kutoka chumba kile. Muuguzi akagonga muhuri.

"Nipe niwahi," mume alisema. "Kituo kiko njiani kwetu."

Tabibu hakuiachia bahasha mara moja.

"Ndio utaratibu," muuguzi alisema, akitazama sakafu.

Mume akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. "Mbona nzito?" aliuliza, na kwa sauti hiyo bahasha ikakaza. Akajikuna kifua kidogo. Kisha akamshika mkewe kiwiko, akachukua mkoba, na barua ikaondoka.