Sweta la Mkono Mmoja

Tik, tik, tik. Jogoo alikuwa hajawika bado, na spoki mbili za baiskeli zilikuwa zikigongana jikoni. Germaine alifuma haraka, magoti karibu na makaa ya mbabula, jiko lake la bati. Asubuhi hiyo mama mkwe wake, Ngosa, angerudi kijijini kwake Lukafu juu ya lori lisilo na paa, katika baridi ya Julai. Na sweta lake lilikuwa bado na mkono mmoja.

Sufu ilikuwa ya Ngosa mwenyewe. Alipofika kuwatembelea alitoa sweta la marehemu mumewe, limetoboka viwiko.

"Ulifumue, unifumie yangu," alisema. "Kule kwetu baridi iko mingi."

Kwa ufumaji wa kawaida ingetosha. Lakini Germaine alikuwa ameona kwa masista sweta lenye misokoto kama nywele zilizosukwa, akajibunia namna yake: vitanzi vitatu alivishika kwa msumari mrefu, akafuma vitatu vilivyofuata, kisha akavirudia vile vya msumari. Misokoto ililivuta sweta likawa jembamba, akaongeza vitanzi, na donge la sufu likapungua upesi. Aliliona hilo mapema. Hakuacha, maana wanawake wa kambi ya reli walikuwa wakija kutazama.

"Ee mama! Hii njo sweta ya kuvaa bibi ya direkta ya reli," jirani yake Bijou alimtania, na Germaine alicheka kwa furaha.

Sasa uzi uliisha mkononi mwake. Mkono wa pili ulikuwa na urefu wa kiganja tu.

Mlio ulipokoma, Ngosa aliingia na makaa kwenye kibakuli. Aliyamimina mbabulani polepole, asimwamshe mtoto aliyelala mgongoni mwa Germaine.

"Imeisha?"

"Sufu njo imeisha, mama. Ni kiburi yangu. Misokoto ilikula mukono yako."

Ngosa alipapasa misokoto, mmoja baada ya mwingine.

"Bwana yangu alinunua kofia mbele ya kununua jembe," alisema akicheka. "Weye ni mutoto yake kabisa."

Germaine hakuweza kucheka. Alianza kufungua kitambaa cha kubebea mtoto ampe, Ngosa akamshika mkono kumzuia.

"Na mutoto utamufunika na nini?"

Basi Germaine alichukua soksi ndefu ya mumewe Stanislas, aliyekuwa bado kazini relini. Akaikata ncha, akamvisha Ngosa sweta, kisha soksi kwenye mkono usio na sufu. Ilifika kwenye kiwiko. Juu yake ngozi ya mama ilibaki wazi, imesisimka kwa baridi.

"Nitaenda na soksi ya mutoto wangu," Ngosa alisema, kana kwamba amepewa zawadi.

Penye lori Germaine alimpandisha, akampangia magunia ya kumkinga upepo. Tangu aolewe hakuwahi kufika Lukafu. Kila mwaka alisingizia ubovu wa barabara.

"Mama, nitatafuta sufu. Nitafuma ule mukono, nitautuma."

Ngosa aliinama, akamshika shavu kwa mkono wenye soksi.

"Usiutume. Hata kama iko rangi ingine, ulete weye mwenyewe, na mutoto. Ukuye kwetu kuniona, mama. Ukuye."