Masharti ya Unga wa Makambako

Hedhi ya Oktavia ilipotea miezi saba, ikarudi mwezi wa nane, na tangu siku hiyo mama mkwe wake hakunyamaza. Kila jumuiya ilipokutana, rozari haijapoa mkononi, Mama Stanley alianza kuusifia unga wa Bi Hamisa, muuza dawa za asili wa Makambako, ambako alimpeleka mkwewe kutibiwa. Nusu ya akina mama wa kigango wakapanda gari kuufuata.

Tatizo lilikuwa dogo tu: Oktavia hakuwahi kuumeza. Ulikuwa mchungu kama shubiri. Kila asubuhi alikoroga kijiko kimoja kikombeni, akatoka nje kwa adabu zote, akaumwaga chini ya mparachichi. Alichofuata ni masharti, maana Bi Hamisa, mwanamke mkweli kuliko biashara yake, alimwambia aache sukari, aache ulanzi, hata ule mtamu unaogemwa asubuhi kwenye mianzi, apunguze ugali, atembee kila siku mpaka jasho limtoke, na vidonge vya hospitali asiviache. Hayo Mama Stanley hakuyasimulia kamwe. Nani asafiri hadi Makambako kuambiwa atembee?

Oktavia aliifurahia siri yake mpaka Jumapili ile wifi yake Janeth alipokuja kukaa nyumbani, kutoka Njombe mjini, na cheti cha hospitali: vifuko kwenye ovari, ugonjwa ule ule wa Oktavia. Mama Stanley alivichukua vidonge vya bintiye, akavitupia juu ya kabati, akamwekea mkebe wa unga mezani.

"Hivi vipumzike. Wifi yako huyu hapa, muulize."

Janeth akamtazama Oktavia. Macho yale yalimchoma. Uongo wake wa kikombeni sasa ulikuwa unakwenda kumwumiza mtu.

"Mama," alisema Oktavia, "mimi sikuunywa. Nilikuwa naumwaga pale kwenye mparachichi."

Mama Stanley akaenda dirishani. Mparachichi ule uligoma kuzaa miaka sita, hata shoka lilikwisha kunolewa. Mwaka huu matawi yalikuwa yameinama kwa matunda.

"Yesu na Maria!" Akajishika kifua. "Kama unga umeuzalisha mti, binadamu je?"

Oktavia alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Ukweli alikuwa ameusema, nao umeuza unga zaidi. Akachagua uongo wa pili.

"Ndiyo maana ni mkali, mama. Ukiyaruka masharti yake unageuka sumu. Vidonge vya hospitali vinatangulia. Chai bila sukari. Ulanzi marufuku. Na kutembea kila siku, saa nzima."

"Basi vitangulie!" Mama Stanley alivishusha mwenyewe, akamsimamia bintiye mpaka akameza. "Dawa haitaki mzaha."

Asubuhi yake Janeth alikoroga unga, akaunusa, akakunja uso.

"Wifi, hivi ni lazima?"

Oktavia akamshika mkono, akamtoa nje, akamwonyesha nyuma ya choo. Pale palikuwa na mparachichi wa pili, na huo ulikuwa bado haujazaa.