Moto wa Saa Sita

"Katika hii Rumonge nzima," alisema Kulthumu, mikono yake imeshika ukingo mmoja wa jiko, "hajazaliwa mutu wa kunikamata na uongo."

Zipora, aliyeshika ukingo wa pili, alikuwa anatembea kinyumenyume kati ya migomba huku akikohoa.

Wakaenda hatua tatu. "Isipokuwa marehemu bwana yangu," Kulthumu akaongeza. "Na mama yake. Na yule fundi cherehani wa sokoni. Na wewe, ile siku ya sukari. Lakini hao wengine wote, hakuna."

"Tutue kwanza, dada. Pumzi."

Wakatua. Lilikuwa jiko la udongo lililovikwa bati, zito kama mbuzi aliyegoma, na hii ilikuwa mara ya sita kulibeba kutoka nyumbani kwa Zipora kulirudisha kwa Kulthumu. Jioni wangelibeba tena kulipeleka kwa Zipora. Kulthumu alikuwa na miaka sabini na moja, na nyonga yake ya kulia ilikuwa na miaka zaidi ya hiyo. Zipora alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini, lakini kifua chake kilikuwa kimezeeka kuliko wote wawili.

Mambo yalianza hivi. Mwaka uliopita ilikuja projè, mradi wa utafiti, iliyotaka kujua kama jiko jipya linapunguza kikohozi. Mtu yeyote aliyewahi kuinama juu ya mafiga matatu angewaambia bure, ila wasomi hawaridhiki na jambo kwa kuambiwa. Wao wanataka nusu ya watu wapewe, nusu wangoje, halafu vifua vilinganishwe. Wakaleta ndoo kwenye ofisi ya zone, ndani yake vikaratasi. Ukivuta cha njano unapata jiko leo. Ukivuta cheupe unangoja miaka miwili.

Kulthumu alitia mkono akicheka, akavuta njano. Mjane anayekula mara moja kwa siku, sufuria yake ndogo kama kofia ya mtoto. Zipora akatia mkono baada ya kusali, akavuta nyeupe. Huyu ndiye aliyekuwa anachemsha maharage ya watu thelathini kila siku, wale wanaume wa kukamua mawese kwenye njia ya Kigwena, na kila mchana alitoka katika moshi wake macho mekundu, ameshika ukuta.

Palepale Kulthumu alitaka wabadilishane vikaratasi. Msichana wa projè, Latifa, ndiye aliyemzuia.

"Bibi, mukibadilishana hatutajua jiko limefanya nini na mapenzi yenu yamefanya nini. Lazima bahati ichague yenyewe. Mama Zipora atapata lake mwisho wa utafiti."

"Miaka mbili?"

"Miaka miwili."

"Na hiyo kifua yake inajua kusoma kalendari?"

Watu walicheka, Latifa naye alicheka, na kikaratasi cheupe kikabaki cheupe.

Jiko lilikaa kwa Kulthumu siku kumi na mbili. Usiku alikuwa anamsikia Zipora akikohoa ng'ambo ya ua wa matete, anakohoa, ananyamaza, anaanza tena. Siku ya kumi na tatu akamwita, wakalibeba. "Sikupatii kwa huruma," alimwambia. "Nataka kulala." Yeye akarudi kwenye mafiga yake nyuma ya nyumba.

Wiki hiyohiyo watu wanaochota maji bombani wakaanza kusema kwamba projè ikikuta jiko kwenye nyumba ya karatasi nyeupe, linachukuliwa, na nyumba zote mbili zinafutwa. Nani aliyesema? Bomba. Basi kila Latifa alipotuma ujumbe kwamba anakuja, wanawake wawili walibeba jiko. Na siku hiyo Zipora alipika kwenye mafiga, moshi ukamshika kwa hasira ya kusahauliwa wiki nyingi.

Siku hiyo ya ziara ya sita Latifa alifika mapema. Alikuwa ametoka Kabezi alfajiri, kilemba chake kimejaa vumbi, viatu kavivulia mlangoni kama mtu anayevua mzigo. Walisalimiana kwa salamu ndefu za Waislamu, kisha fupi za Kirundi, kisha wakaketi kwenye mkeka wakitazamana kama watu wawili wanaongoja mvua iishe.

"Tuanze, Bibi?"

"Anza, mwanangu. Nimeisha zoea."

Maswali yalikuwa tisini na manne, na yote Kulthumu aliyajua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake. Nyumba ina vyumba vingapi? Viwili, tangu mara ya kwanza. Wanaishi watu wangapi? Mmoja, binti wa kwanza yuko Uvira, wa pili Nyanza-Lac, wote wazima, alhamdulillahi. Katika siku saba zilizopita umekohoa mara ngapi? Latifa aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye telefone, na Kulthumu alijibu bila kuinua yake kutoka kwenye mchele aliokuwa anachagua.

"Swali la hamsini na tisa. Katika siku saba zilizopita umejisikia kuchoka kiasi gani? Kidogo, wastani, sana, ao sana kabisa?"

"Andika hiyo ya mwisho. Na wewe ujiandikie hiyohiyo."

Latifa alitabasamu upande mmoja. Alikuwa na nyumba nyingine nne za kumaliza. "Jiko unalitumia?"

"Kila siku."

"Anayepika ni nani?"

"Mimi. Ningekuwa na mupishi ningekaa hapa nachagua muchele?"

Ng'ambo ya ua Zipora akakohoa, kikohozi kirefu cha moshi. Latifa aligeuza kichwa kidogo. Halafu alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mara zote tano. Aliweka telefone chini, akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye mfuko, akaikunjua juu ya mkeka.

"Bibi, unakumbuka kale kadude kadogo, kama kifungo cha koti, kanakokaa ubavuni mwa jiko?"

Kulthumu alikakumbuka. Kila ziara Latifa alikang'oa na kubandika kengine, na Kulthumu alidhani ni kama kubadilisha betri.

"Kanapima moto. Kanaandika jiko limepata moto saa ngapi, kila siku, hata sisi tukiwa hatupo."

Kulthumu aliacha kuchagua mchele.

Kwenye karatasi kulikuwa na mstari unaopanda na kushuka kama milima ya Congo inavyoonekana ng'ambo ya ziwa asubuhi isiyo na ukungu. Mlima mmoja karibu kila siku. Latifa aliweka kidole kwenye kilele. "Jiko linawashwa saa tatu. Saa sita mchana ndipo lina moto mukali. Linazimika saa nane. Moto wa sufuria kubwa, Bibi, si ya mutu mumoja. Na angalia hapa." Kidole kikahama. "Hizi siku lilikuwa baridi kabisa mchana. Ni siku nilizokuja mimi."

"Ukija napata furaha, nasahau kupika."

Latifa hakucheka. Sauti yake ilishuka. "Na hapa, Bibi, ni mwezi wa Ramadhani. Saa sita mchana. Kila siku, isipokuwa ile niliyokuja."

Wote wawili waliikumbuka ziara ya mwezi huo, walivyoketi kwenye mkeka uleule midomo imekauka, wakichekana jinsi mate yalivyowapotea kwenye swali la arobaini. Kulthumu alifunga mwezi mzima. Mabinti walipiga simu kumwomba aache, nyonga hiyo, umri huo, naye akawajibu kwamba nyonga haili. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu alihakikisha mtaa mzima unajua.

Sasa alikuwa na njia mbili. Aseme jiko halikuwa kwake, lichukuliwe, na Zipora arudi kwenye mafiga mpaka karatasi yake nyeupe iive. Au aseme ile nyingine. Alimsikia Zipora akikohoa tena. Alijifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtu anayejiandaa kubeba.

"Nilikuwa nakula," alisema.

"Bibi."

"Maharage. Kila siku, saa sita. Nafunga mulango, nakula, napanguza mudomo, natoka na sura ya kufunga."

"Sufuria nzima?"

"Nilikuwa na njaa."

Latifa alishika telefone, akatafuta mahali pa kuandika, kidole kikabaki hewani. Ni wazi hakutaka kuandika kitu kama hicho juu ya mwanamke aliyemkuta na midomo iliyopasuka.

Hapo ua wa matete ulitikisika, na Zipora akaingia, mwiko mkononi, kitenge chake kinanuka moshi, kanga imetupwa begani.

"Muongo huyu!" alisema. "Dada, Mungu akusamehe. Binti, usiandike hilo!" Kiswahili chake kilikuwa cha kambi ya wakimbizi Tanzania, kimenyooka kama shati la shule, na Kulthumu alizoea kumcheka kwacho, leo hakucheka. "Huyu mama alifunga mpaka mbavu zikahesabika. Mimi ndiye niliyekuwa napika maharage kwenye jiko lake, naye akipita anaziba pua na kanga asinuse. Moto ule ni wangu. Chukueni jiko, nitakohoa tu, nimeshazoea. Lakini msiandike kwamba alikula."

"Huyu mama mimi simujui," alisema Kulthumu kwa unyonge.

"Amevaa kanga yako, Bibi," alisema Latifa.

Ilikuwa kweli. Zipora alikaa chini kwenye kizingiti, kifua kikimpanda na kushuka. Latifa alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili, na Kulthumu alidhani analia, kumbe alikuwa amechoka tu.

"Nani aliwaambia tunachukua jiko?"

Wanawake walitazamana. "Watu," alisema Zipora.

"Watu gani?"

"Wa bombani."

Latifa alitoa faili kwenye mfuko, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, akasoma polepole. "Jiko ni mali ya aliyelipata. Anaweza kulitumia, kuliazimisha, kuliuza ao kumupa mutu yeyote. Halitachukuliwa. Anaombwa tu kusema ukweli jiko liko wapi." Akafunga faili. "Mungesema tu. Kuna mahali pa kuandika, 'jiko limehamia nyumba nyingine'. Nabonyeza mara moja, inaisha."

Kulthumu alifikiria migomba ile, na mara sita za kwenda, na mara tano za kurudi. Nyonga yake nayo ilifikiria.

"Na munajua ninyi mumefanya nini?" Latifa aliendelea, si kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya madukani. "Bibi, wewe kwa karatasi yako uko na jiko, na macho yako yanatoka machozi kama zamani. Mama Zipora kwa karatasi yake hana jiko, na kikohozi chake cha usiku kimepungua nusu. Nilimuuliza, akanijibu ukweli."

"Sikuulizwa habari za jiko la mtu mwingine," alisema Zipora taratibu.

"Na si ninyi tu, nyumba zingine zimefanya hivyohivyo. Kule Bujumbura wamelinganisha, wakaona wenye jiko na wasio na jiko ni sawasawa. Walikuwa karibu kuandika kwamba jiko halisaidii kitu. Basi hao wanaongoja wasingepewa. Mama Zipora asingepewa. Kwa hiyo nimetumwa nikiwa na hii karatasi, nyumba kwa nyumba."

Zipora alitazama mwiko wake. Kulthumu alitazama jiko, ambalo lilikaa kimya pembeni na kadude kake, likiwa ndilo pekee mle ndani lililosema kweli mwaka mzima.

"Sasa, Bibi." Latifa alifunua faili tena. "Siku ya kuleta jiko nilikusomea ukurasa huu, hapahapa, wote. Nikakuuliza, umesikia na kuelewa? Ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Ulisema, 'neno kwa neno'. Ulikuwa umesikia?"

"Nilifumba macho ili nisikie muzuri."

"Bibi, ulikoroma."

Zipora aliinua kanga ya kuazima akajiziba mdomo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kilichomtikisa hakikuwa kikohozi. Kulthumu alipepeta mchele mara moja, mara mbili, akapuliza makapi. Alikuwa amekamatwa, sawa, hata mara mbili katika asubuhi moja. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamwasha. Aliinua macho.

"Nilikoroma," alikubali. "Kulikuwa na joto. Na wewe, mutoto wangu, ukinisikia nakoroma, uliandika nini hapo chini?"

Latifa alifungua mdomo. Alieleza kwamba siku ile alikuwa na nyumba kumi na moja, kwamba jua lilikuwa kali, kwamba bila shaka alimuuliza tena baadaye.

"Nipe nione. Nilimaliza darasa la sita, kusoma najua."

Akaivuta faili, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akafuata mstari wa mwisho kwa kidole kilichojaa vumbi la mchele. Palikuwa na swali, visanduku viwili, na sahihi nzuri ya Latifa yenye mkia.

"'Mushiriki ameelewa yote,'" Kulthumu alisoma, akikata kila neno kama kipande cha sabuni. "'Ndiyo.'"

Latifa alikuwa anatazama viatu vyake mlangoni.