Nakala ya Kiti cha Baba

Kiti cha baba kilivunjika, na tangu siku hiyo baba hakukaa tena. Alisimama au alilala. Hapo katikati, mahali ambapo binadamu hula, hupokea wageni na kugombana na redio, baba hakuwa na pake.

Kilikuwa kiti cha chini, plaiwudi iliyopindwa vizuri kama jani kavu, kwenye miguu minne ya bomba jembamba la chuma. Baba alikuwa tarishi, na ofisi yao ilipobadilisha samani, bosi alisema kile kitupwe. Baba akakitupa kichwani mwake mwenyewe na kukileta nyumbani. Baadaye sana alianguka ngazini, nyonga ikaunga vibaya, na toka hapo hakuna kiti kingine kilichomkubali. Kwenye sofa alizama, kwenye stuli aliuma meno. Kile tu ndicho kilichomjua. Sasa plaiwudi ya mgongo ilikuwa imepasuka kwenye skrubu na kuachana matabaka kama kitabu kilicholoa.

Mwanawe, fundi bomba ambaye mtaa mzima ulimwita Koki, alijaribu gundi, akajaribu bati, akajaribu na matusi.

"Baba, kiti kimekufa."

"Basi nizike nacho."

"Usiseme hivyo, baba."

"Nimesimama tangu asubuhi kama mlingoti. Unataka niseme nini?"

Aliyekuja na habari ni dada yake Koki, fundi cherehani. Alikuwa amepiga picha kile kiti na kukitafuta kwenye simu.

"Kaka, unajua baba alikuwa anakalia nini? Hiki kiti kina sifa dunia nzima. Kilibuniwa zamani na wataalamu, watu wanakiweka makumbusho."

"Bei?"

"Kile chenyewe? Ile pikipiki unayoiwekea akiba, na nyingine kama hiyo, na bado utadaiwa."

"Basi tutafute feki."

"Nakala, kaka. Wanaita nakala."

"Waite wanavyotaka, mradi kikalike."

Wakazunguka maduka. Duka la kwanza lilikuwa na nakala ya plastiki iliyopakwa rangi ya mbao. Koki alipoikalia ikalia kama mbuzi. La pili, kiti kilikuwa kizuri kwa macho lakini skrubu zake ungezifungua kwa ukucha. La tatu, muuzaji mwenye shati la kubana aliwapokea kwa mikono miwili.

"Mzee wenu atasahau cha zamani. Hiki ni kile kile."

"Ni feki?" akauliza Koki.

"Feki inajifanya ndiyo yenyewe, kaka. Hii ni nakala, inakiri kwamba siyo. Tofauti yake ni uungwana."

"Uungwana unapunguziwa bei?"

Muuzaji akacheka, bei ikabaki palepale. Lakini Koki alikigeuza kiti chini juu, akagonga mabomba, akavuta plaiwudi, asione pa kusema neno. Kazi ilikuwa ya mtu mzima. Ukilinganisha na kile chenyewe, bei ilikuwa ya bure. Ukilinganisha na mifuko yao, ilikuwa ya kukosesha usingizi.

Koki alitoa akiba ya pikipiki. Haikutosha. Dada yake akaiweka mashine yake ya kupiga pindo rehani kwa mshonaji mwenzake, akachukua pesa. Wakakubaliana kitu kimoja: kama kiti kitamkataa mzee, watakirudisha, kwa kuwa duka lilipokea marejesho ndani ya wiki moja, mradi kisiwe kimeharibiwa. Mwenzake naye aliahidi kutoiuza mashine kwa muda huo. Basi wiki hiyo ilibeba mambo mawili mgongoni: mzee akae, au mashine irudi.

Koki alikiweka kiti sebuleni. Sakafu yao ina bonde kidogo, na yeye ni fundi. Hajawahi kuacha sinki likae upande. Alitoa pima maji yake, kile kipimo chenye povu la hewa ndani ya kioo, akaweka kipande cha mpira chini ya mguu huu, akatoa chini ya ule, mpaka povu likatulia katikati kabisa. Wakamshusha baba kitini.

"Kinanimwaga," akasema baba.

"Wapi?"

"Kulia. Nitoeni!"

Kesho yake Koki akapima upya, akabadilisha mpira. Baba akakaa muda wa kukohoa, akainuka na jasho. Siku iliyofuata Koki akasogeza kiti ukutani, akapima upya.

"Baba, hakiwezi kukumwaga. Kiko sawa. Tazama mwenyewe povu liko katikati."

"Povu halina nyonga, mwanangu."

Koki akaudhika. Akajiambia mzee amezeeka vibaya, analilia bosi wake na kiti chake. Lakini usiku ule hakumlaumu tena, maana alimsikia akigeukageuka kitandani, na asubuhi alipomsaidia kuvaa aliona ngozi ya mgongo imeanza kuwa nyekundu kwa kulala sana. Mtu asiyekaa huisha mapema. Hilo hata Koki alilijua.

Wiki ilipokaribia kwisha, dada alifika na boksi la kiti na kamba ya kulifungia. Alimkuta baba amesimama kwenye kabati, sahani juu ya kabati, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine unahangaika na kijiko. Mchuzi ulikuwa umemwagikia kifuani.

"Usiniangalie, mama," baba akamwambia binti yake.

Dada akaweka boksi chini. Akamfuta shati, akamfuta suruali, akashuka mpaka kwenye pindo. Hapo mkono wake ukasimama.

"Kaka, njoo huku." Wakatoka mlangoni. "Suruali za baba mguu wa kushoto namshonea mfupi."

"Tangu lini?"

"Tangu aanguke. Ule upande umepanda."

"Na hukuniambia?"

"Mwili wa baba yangu niutangaze? Nilikata kitambaa nikanyamaza. Ile fremu ya kiti cha zamani iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya nyumba, inangoja muuza chuma chakavu. Koki akaisimamisha juu ya bamba la zege lililo sawa, akaweka pima maji. Povu likakimbilia kulia, likakaa huko. Miguu ya kushoto ilikuwa imepinda taratibu, mwaka kwa mwaka, mpaka upande ule ukashuka.

"Kumbe kilikuwa kibovu," akasema Koki.

"Kibovu kama yeye. Walikuwa wamezoeana, wewe ukaja na povu lako."

"Nawasikia!" baba akapaza sauti ndani.

Kwanza walijaribu bila kuharibu. Koki akaweka vipande vya vigae chini ya miguu ya kulia ya kiti kipya. Baba akashuka, akaegemea, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyetua mzigo. Lakini kiti kilikuwa kimepanda. Nyayo zake zilining'inia, na alipotaka kuinuka hakuwa na pa kukanyagia; wakamdaka. Haikufaa kulia kupandishwe; ilibidi kushoto kushushwe.

Koki alileta kikata bomba chake, akakishika bila kukifunga kwenye mguu wa kiti.

"Nikikata, duka halikipokei."

"Najua."

"Na mashine yako?"

Dada alitazama boksi, akatazama baba aliyerudi kusimama kwenye kabati lake.

"Mashine yangu inakaa popote. Yeye hana pa kukaa. Kata, kaka, kabla sijageuza maneno."

Koki akakata miguu ya kushoto, wa mbele na wa nyuma, kwa unene wa vile vigae, akalainisha kingo kwa tupa, akavalisha mipira. Alipotaka kuchukua pima maji, dada alimpiga kofi mkononi.

Baba alikaa. Akaegemea, nyayo zikikanyaga sakafu.

"Redio," akasema. "Na sahani yangu. Na nyie mnanisimamia nini, mimi ni sinema?"

Alikula chakula chote amekaa, akalala usingizi palepale, kidevu kifuani.

Kiti hicho kiliwagharimu hivi. Akiba yote ya pikipiki, na Koki mpaka leo anakwenda kazini kwa miguu, mabomba begani. Mashine ya kupiga pindo, ambayo yule mshonaji mwenzake dada aliiuza Jumatatu iliyofuata. Na sare za shule, ambazo dada alikuwa akipewa kushona kila muhula, zilikwenda kwa fundi mwingine, kwa sababu pindo la mkono halina mbio.